Mada: Mello kazini, na kura za watoto kwenye simu

Wanajamvi, salaam.
Bado mgeni hapa Borås, Uswidi, nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Tangu Februari iingie, kila Jumatatu wakati wa kahawa wenzangu hawana habari nyingine ila Mello, yale mashindano ya nyimbo ya kwenye televisheni: nani kapita, nani kaonewa. Mimi natabasamu tu. Sasa nimealikwa kwenda kutazama Jumamosi, na mwanangu wa miaka sita keshaambiwa shuleni kwamba watoto wanapiga kura. Nisije nikaletewa bili ya simu! Naombeni mwongozo.
— Mgeni wa Borås

Dada, karibu, na nenda.
Mello ni Melodifestivalen, mashindano ya SVT, televisheni ya umma ya Uswidi, ya kumpata mwakilishi wa nchi kwenye Eurovision, mashindano ya nyimbo ya Ulaya. Kutazama hudaiwi kitu. Tangu 2019 ada ya televisheni ya umma inakatwa pamoja na kodi, kwa hiyo SVT Play, ile ya kutazama mtandaoni, umeshailipia.

Kura za kwenye programu ya simu (app) ya Mello ni bure. Unaweka umri, kisha unabonyeza moyo, hadi mitano kwa kila wimbo. Watoto wa miaka 3 hadi 9 wana kundi lao, na alama zao zina uzito uleule wa kundi la miaka 75 na kuendelea. Ukiona msanii mzima anarukaruka na mavazi ya kumetameta, ujue anamtafuta mwanao. Kinacholipiwa ni kupiga simu. Hizo namba mtoto asizione.

Mwulize mwenyeji uende na nini, maana mara nyingi kila mtu huja na chake. Kwetu hugawiwa karatasi ya alama na penseli. Usimpe kila msanii tano kwa adabu. Pale watu wanakwenda kubishana.

Mei, kwenye Eurovision yenyewe, mambo yanageuka: namba ya simu ya Uswidi haiipigii kura Uswidi. Ndugu zetu wa Dar au Nairobi wanaweza, kwa tovuti na kadi ya benki, na kura za nchi zote zisizoshiriki huhesabiwa kwa pamoja kama za nchi moja. Hizo zinalipiwa. Kikomo kilikuwa kura 20, kuanzia 2026 ni 10.
— Mama Mapacha, Västerås

Naongezea, dada. Ukikosa la kusema mezani, mtaje mwimbaji Tusse. Ni mzaliwa wa kwetu Kongo, akapitia kambi ya wakimbizi Uganda, akafika Uswidi ana miaka minane na kukulia huku Dalarna. Alishinda Idol, shindano la uimbaji la televisheni, 2019, na 2021 akaiwakilisha Uswidi kwenye Eurovision kule Rotterdam. Nafasi ya 14, lakini sisi tulishangilia kana kwamba kashinda. Anayekuambia mashindano haya ni ya wenyeji tu, mkumbushe pia kundi la KAJ, lililoiwakilisha Uswidi 2025: Wafini wa Vörå wanaosema Kiswidi, wimbo wa sauna, na wakashika nafasi ya nne Basel.
— Kaka wa Borlänge

Asanteni sana. Nitapeleka sambusa. Ila mwenyeji hali nyama, nifanyeje?
— Mgeni wa Borås

Za dengu, dada. Pilipili iweke kando kwenye kibakuli, na uwaonye mapema.
— Mama Mapacha