Ufa umefunguka shambani Hombolo na jua limezungukwa na duara. Wajuzi wa miamba na hali ya hewa njooni

MzeeWaZabibu

Wakuu habari za mchana. Naomba uzi huu usihamishiwe jukwaa la dini, mahubiri nimeshayasikia ya kutosha huku kijijini.

Niko upande wa Hombolo, hapa Dodoma, jina la kijiji nalihifadhi. Nina shamba la zabibu, chini yake uwele kidogo, halafu korongo. Mvua ya kwanza ya msimu huu ilipiga usiku mmoja kwa hasira. Kulipokucha nikaenda kuangalia mizabibu, nakuta ardhi imefunguka. Si ile mipasuko ya kiangazi tunayoijua kwenye udongo mweusi wa mbuga, ambayo udongo ukinywa maji inajifunga yenyewe. Huu unameza mguu pamoja na buti lake. Umeanzia ukingoni mwa korongo, ukapanda kwenye uwele, ukaja kuishia ndani ya mizabibu. Kuna mahali unapotea kabisa, unapiga hatua chache unakuta shimo la mviringo kama mdomo wa mtungi, halafu ufa unaendelea. Nimeingiza fito ya kujengea, imezama yote bila kugusa chini. Ukiinama unasikia ubaridi unapanda usoni, na kwa ndani kingo zimelainika kana kwamba mtu amezipiga mwiko.

Siku hizohizo, mchana kweupe, jua likazungukwa na duara kubwa lenye rangi kwa mbali. Kisha usiku mabati yakalia na vikombe vikagongana kabatini, sekunde chache tu. Mke wangu akasema ni lori. Lori gani saa nane usiku?

Ukijumlisha na maporomoko ya tope yaliyowakuta wenzetu wa Katesh, chini ya Mlima Hanang, Desemba 2023, watu hapa wameshagawanyika. Mzee mmoja anataka kondoo mweusi achinjwe. Kijana wa bodaboda ameona video kwamba Afrika inakatika vipande viwili na ufa ndio umeshafika kwetu, na anaieleza kwa uhakika kuliko mwalimu wa jiografia. Mimi swali langu ni dogo: huu ufa unaelekea wapi? Nyumba yangu iko kama mita 40 kutoka unapoishia. Nihame au nipalilie? Nawasilisha.

Chamchela

Weka picha mkuu. Hilo duara hata huku Area D tumeliona, ofisi nzima ilitoka nje na simu.

NyundoNaJiwe

Mkuu, umeleta mambo matatu, na kosa la hapo kijijini ni kuyafunga mzigo mmoja. Yatenganishe.

Duara la jua halina uhusiano wowote na ardhi. Ni mawingu membamba sana ya juu, yaliyojaa chembe za barafu. Mwanga ukipita humo unapinda, unapata pete ya nyuzi 22 kuzunguka jua. Ukinyoosha mkono na kutanua vidole, kutoka gumba hadi kidole cha mwisho ndiyo karibu nusu ya upana wa duara zima. Usilikodolee macho tu, basi.

Mtikisiko ni wa kweli na kwetu si mgeni. Dodoma iko kwenye tawi la mashariki la Bonde la Ufa, na wanajiolojia wanaitambua mipasuko ya miamba ya Bubu, Fufu, Bahi na hata Hombolo kwako. Waliokuwepo mjini Novemba 2002 wanakumbuka lile tetemeko. Kwa hiyo mwambie shemeji yetu hapo nyumbani kwamba lori halikuwepo. Afrika kugawanyika nako ni kweli, ila ni kwa milimita chache kwa mwaka. Hiyo video ya bodaboda nadhani naijua: ni ufa wa Kenya wa mwaka 2018, uliokata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok. Dunia nzima ilipiga kelele, lakini wanajiolojia wengi walisema maji yalikuwa yamekula majivu laini ya volkano chini kwa chini mpaka juu pakadidimia. Na Hanang haikulipuka: miamba dhaifu ya mlimani ilinywa mvua, ikameguka, ikashuka na tope.

Sasa ufa wako. Mpasuko wa miamba haujali korongo lilipo, unakata kilima na bonde kwa mstari wake. Wa kwako umeanzia korongoni ukapanda, una mashimo ya mviringo njiani, na ndani umelainika. Hayo ni maji, mkuu. Udongo wa sehemu nyingi za kwetu una magadi: ukikauka ni mgumu kama saruji ya jana, ukipata maji ya mvua unayeyuka na kuchukuliwa. Maji yanaingia kwenye nyufa za kiangazi, yanachimba handaki chini, yanatokea kwenye ukuta wa korongo. Paa la handaki likidondoka ndipo wewe unaona "ardhi imepasuka". Nenda ukutani mwa korongo utafute tundu.

Swali langu: hilo korongo limeongezeka kina miaka ya karibuni? Na mchanga wake nani anachota?

MzeeWaZabibu

Nimerudi kutoka korongoni. Matundu yapo mawili, moja linaingiza kichwa cha mtoto na bado linatoa maji mekundu.

Kuhusu mchanga, umenigusa pabaya. Tangu serikali ihamie Dodoma, mji haushibi mchanga. Tipa zinaingia alfajiri, vijana na machepe, wanapakia mpaka jua kali. Zamani nilikuwa nashuka korongoni kwa kuruka, siku hizi tumechonga ngazi. Mojawapo ya hizo tipa ni ya shemeji yangu, na kijiji kinakula ushuru kwa kila tripu. Ndiyo maana jina sikulitaja.

Ila bado sielewi, wanachota kule chini, inakuwaje shamba langu ndilo linaloliwa huku juu?

NyundoNaJiwe

Ukishusha sakafu ya korongo, maji yote yanayolielekea yanapata mteremko mkali zaidi, na yale ya chini ya ardhi yanapata mlango wa kutokea. Ukuta unaanza kurudi nyuma, kuelekea kwako, kila mvua kubwa kidogo. Hata wakiacha leo, utaendelea kurudi kwa muda.

FundiKisima

Niongezee hapohapo. Mimi nachimba visima. Huo mchanga ndio tangi la maji la Wagogo. Bibi zetu kiangazi chote walikuwa wakichimbua mchangani na kuteka kwa kata, mto ukiwa mkavu kabisa kwa juu. Makutupora, kwenye visima vinavyoleta maji ya mji wa Dodoma, viwango vya maji ya ardhini vimeandikwa tangu miaka ya 1950, na vinaonyesha kwamba visima havijazwi na mvua za kawaida. Vinajazwa na ile misimu michache ya kupindukia, na uliojaza kuliko yote ni ule wa El Nino ya 1997/98. Maji yanashuka kupitia vitanda vya mito ya mchanga kama hiyo yenu. Watu wanaogopa mvua kubwa, mimi naogopa mvua kubwa inayokuta mto umeshakombwa mchanga. Haina pa kukaa, inapita tu na udongo wa watu mpaka bwawani. Bwawa lenyewe la Hombolo kila mtu anajua lilivyojaa tope.

MamaHaubi

Mwanangu, mimi ni wa Kondoa, makorongo nimezaliwa nayo. Mwaka 1973 ulikuja mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, wakachimba makinga maji na kupanda miti, lakini ng'ombe walikuwa bado wanakanyaga. Mwaka 1979 ikatoka amri, mifugo yote nje ya eneo lililoharibika, zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Baba yangu alipeleka ng'ombe kwa ndugu, nyumbani tukabaki tunakunywa chai ya rangi. Alinuna miaka. Sikwambii ilikuwa haki, maana walioumia hawakuulizwa. Lakini majani yalirudi, na mabonde ambayo yalikuwa mchanga mtupu leo watu wanalima.

Fanya hivi. Juu ya shamba chimba kinga maji ifuate kontua, yaani ikate mteremko kwa usawa mmoja, maji yasiifikie hiyo njia yake. Ufa ufukue mpaka upate handaki, ujaze udongo wa mfinyanzi kidogo kidogo na kushindilia. Usijaze takataka wala mabua, yataoza na maji yatafurahi. Majani na katani panda kwenye tuta la kinga, si juu ya ufa wenyewe. Pigilia vigingi pande mbili, pima kwa futi kila baada ya mvua, uandike.

Na la shemeji yako usilimalize peke yako usiku kwa maneno. Lipeleke mkutano wa kijiji, na wanawake wanaoteka maji mchangani wawepo, waongee wao.

MzeeWaZabibu

Asante mama, shikamoo. Mkutano upo Jumamosi. Shemeji ameshapata habari, amenipigia akaniuliza kama mizabibu yangu inalipa ada za watoto wake. Sikuwa na jibu la haraka. Nimemwambia aje aone tundu kwanza.

FundiKisima

Kabla hujafukia: choo chako kiko upande gani wa huo ufa?

MzeeWaZabibu

Upande wa juu, hatua chache. Na kisima cha jirani kiko chini.

FundiKisima

Basi anza na choo, leo. Jirani mwambie achemshe maji.