Kocha anataka kijana aache kemia: alama za darasani na usajili wa futiboli ya vyuo Marekani

Baba Amani, Columbus (mleta mada)

Salaam wanajukwaa. Naomba ushauri wa wazazi waliokwisha kupita njia hii, pamoja na wale wanaofanya kazi katika shule za hapa Marekani. Kijana wangu wa pili yuko darasa la kumi na moja na anacheza futiboli ya Kimarekani, kwenye safu ya mbele ya ulinzi. Tulipohama kutoka Nairobi alikuwa amekwisha kumaliza kidato cha kwanza, lakini kwa kuwa matokeo yake hayakuwa yamefika, shule ilimwanzisha upya darasa la tisa. Mwaka huu makocha wa vyuo wameanza kumwandikia. Wawili ni wa Divisheni ya Kwanza, ngazi ya juu kabisa ya michezo ya vyuo, ila si wale wakubwa wa kuonyeshwa kwenye televisheni kila Jumamosi, na mmoja ni wa chuo kidogo cha Divisheni ya Tatu.

GPA yake (wastani wa alama) kwenye ripoti ni 2.9. Kocha wa shule ameshauri kwamba mwakani aache kemia na badala yake achukue kipindi cha mazoezi ya kunyanyua vyuma, kwa hoja kwamba NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, inadai miaka miwili tu ya sayansi, ambayo kijana tayari anayo, na kwamba kinachomkosesha ofa kubwa ni uzito wa mwili wala si kemia. Mama yake amekataa katakata. Kijana mwenyewe anasema angependa kusomea fiziotherapia, ila ukimweka mbele ya kocha wake hukubali kila analoambiwa. Je, kiwango cha chini cha NCAA kinatosha kweli, au vyuo hutazama zaidi ya hapo? Na je, yupo anayecheza mchezo huu chuoni huku akisoma sayansi kwa ukamilifu?

Mshauri wa Masomo, Minneapolis

Ndugu Baba Amani, kocha hakukudanganya kuhusu miaka miwili ya sayansi, ila amekusomea kipande tu cha sheria. Divisheni ya Kwanza inadai masomo ya msingi kumi na sita: Kiingereza miaka minne, hisabati mitatu kuanzia aljebra ya kwanza, sayansi miwili, mwaka mmoja wa ziada katika mojawapo ya hayo matatu, sayansi ya jamii miwili, na minne mingine inayoweza kujazwa na masomo hayohayo au lugha ya kigeni, falsafa au dini linganishi. Kipindi cha vyuma hakimo kokote humo.

Tena GPA wanayoihesabu si ile uliyoiona kwenye ripoti. Wao huchukua alama za masomo hayo kumi na sita peke yake, hivyo A za mazoezi ya viungo, sanaa na upishi zote huondolewa, na nimeona vijana waliodhani wako salama wakishuka vibaya baada ya hesabu hiyo. Kiwango cha chini ni 2.3 kwa Divisheni ya Kwanza na 2.2 kwa ya Pili. Nenda kwa mshauri wa masomo wa shule yake mkakokotoe GPA hiyo ya msingi kabla ya kujadili jambo lingine lolote, na mhakikishe kwamba kila somo mnalolitegemea limo katika orodha ya shule hiyo iliyoidhinishwa na NCAA. Watoto wetu waliopitia madarasa ya kujifunza Kiingereza au ya kurekebisha hisabati hugundua kwa kuchelewa kwamba darasa walilolifaulu halimo katika orodha.

Kuna sharti jingine ambalo wazazi wengi hawalisikii hadi limewakuta. Masomo kumi kati ya kumi na sita yanapaswa kuwa yamekamilika kabla ya muhula wa saba kuanza, yaani kabla ya darasa la kumi na mbili, na saba kati ya hayo kumi lazima yawe ya Kiingereza, hisabati au sayansi. Alama za hayo zikishaingia zimefungwa. Kulirudia somo baadaye hakutapandisha hesabu. Ndiyo maana msemo wa “tutarekebisha mwaka wa mwisho”, ambao huku shuleni nausikia kila msimu wa machipuko, hauna maana kwa mchezaji wa Divisheni ya Kwanza.

Lakini kilichonishtua katika maelezo yako si kemia. Ni sentensi ile ya Nairobi, uliyoipitia kwa haraka. Hesabu ya muda ya Divisheni ya Kwanza huanza pale mwanafunzi alipoingia mwaka wa tisa wa masomo kwa mara ya kwanza, popote duniani, na masomo ya msingi hutakiwa kukamilika ndani ya mihula minane tangu hapo. Kwa mfumo wa Kenya wa 8-4-4, kidato cha kwanza ndicho mwaka wa tisa. Kwa hiyo upo uwezekano mkubwa kwamba, kwa NCAA, mihula minane ya kijana wako inaisha mwaka huu akiwa darasa la kumi na moja, na kwamba karibu masomo yote ya mwakani hayatahesabiwa. Kwa upande wa pili, masomo ya msingi aliyoyafaulu Nairobi nayo huweza kuhesabiwa, jambo ambalo shule yake ya sasa huenda haijalifikiria kabisa. Fungueni akaunti kwenye Kituo cha Ustahiki cha NCAA na kuwasilisha rekodi zake za kidato cha kwanza mapema iwezekanavyo, maana uamuzi ni wa kituo hicho, si wa kocha wala wa mshauri kama mimi. Divisheni ya Pili haina ukomo huo wa mihula. Huhesabu masomo yote ya msingi yaliyokamilika kabla ya kijana kuanza chuo kwa muda wote. Na Divisheni ya Tatu humwachia kila chuo kupanga masharti yake.

Mtoto wa Bukavu, Dallas

Mzee wangu, shikamoo. Mimi nilicheza katika chuo kimoja cha Divisheni ya Kwanza, kwa hiyo nitajibu swali lako la mwisho.

Wapo, na wengine wamefika mbali. Myron Rolle alikuwa beki wa Chuo Kikuu cha Florida State. Mwezi Novemba 2008 aliitwa Birmingham, Alabama, kwa usaili wa Rhodes, ufadhili wa kusoma Oxford, siku ileile timu yake ilipokuwa ikicheza na Chuo Kikuu cha Maryland. Alienda kwenye usaili, akaupata ufadhili, kisha akasafirishwa hadi uwanjani na kuingia kabla mechi haijaisha. Alisoma Oxford, akachaguliwa mwaka 2010 na Tennessee Titans, timu ya NFL (ligi ya kulipwa ya mchezo huu), na baadaye akawa daktari wa upasuaji wa ubongo. Makocha hupenda kumtaja kila wanapowatembelea wazazi sebuleni.

Wasilolitaja ni habari ya Kain Colter wa Northwestern, chuo chenye sifa kubwa kitaaluma. Colter alitaka kujiandaa kwa udaktari. Mwaka 2014, katika shauri la wachezaji waliotaka kuunda chama cha wafanyakazi, alieleza kwamba somo la kemia alilolihitaji liligongana na mazoezi ya asubuhi, kwamba alishauriwa kutolichukua, na kwamba mwishowe aliiacha njia ya udaktari akasomea saikolojia. Afisa wa bodi ya kazi ya serikali aliyeliamua shauri hilo alikuta kuwa wachezaji walitumia saa 40 hadi 50 kwa wiki katika mchezo wakati wa msimu, ilhali kanuni ya NCAA inasema saa 20. Tofauti hiyo haina uchawi: safari, matibabu ya majeraha na kutazama video za mechi kwa kile kinachoitwa hiari havimo katika zile 20. Bodi kuu ilikataa kulishughulikia suala la chama mwaka 2015, lakini maelezo ya saa hizo yalibaki kwenye kumbukumbu.

Ukishaingia chuoni, sheria nazo hukusukuma. Ili uendelee kucheza Divisheni ya Kwanza, unatakiwa uwe umekamilisha asilimia 40 ya shahada yako mwishoni mwa mwaka wa pili, 60 mwishoni mwa wa tatu na 80 mwishoni mwa wa nne. Nia ni njema, lakini ukitaka kuhamia fani ngumu katika mwaka wa pili, krediti nyingi ulizokwisha kuzipata hazihesabiki katika fani mpya, na mara unakosa asilimia. Hivyo kijana aliyepangiwa masomo mepesi mwaka wa kwanza ili apumue, hubaki humohumo. Timuni kwetu, wengi wa safu yetu walikuwa shahada moja, na si kwa sababu wote waliipenda.

Kwa hiyo kocha akija kwenu, mwulizeni ni wachezaji wangapi wa kikosi cha sasa wanaosomea sayansi za afya, na kama wanaingia uwanjani au wanakaa benchi tu. Mwulizeni maabara za mchana hupangwaje na mazoezi. Ombeni pia kuzungumza na mmoja wa wachezaji hao bila kocha kuwepo. Mwenye jibu zuri hatakasirika.

Mpenda Vyuma

Naheshimu waliotangulia, ila naona kocha anaonewa. Mchezaji wa safu ya mbele asiye na uzito hatazamwi mara mbili, hata awe na alama za kwenda mwezini. Ufadhili kamili wa chuo una thamani ya maelfu kwa maelfu ya dola, na tangu Juni 2025 mahakama ilipoidhinisha makubaliano ya kesi ya House, ambayo wachezaji waliishtaki NCAA, vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa masomo wa 2025–26. Kemia inaweza kusomwa akiwa na umri wa miaka 25. Mwili wa miaka 17 haurudi.

Mama Zawadi, Boston

Kaka Mpenda Vyuma, fedha hizo za House zipo, lakini nyingi huenda kwa wachezaji wachache wa ligi kubwa kabisa, na mleta mada amesema wazi kwamba wanaomwandikia kijana wake si wa huko. Makubaliano hayohayo yameweka ukomo wa wachezaji 105 katika kikosi cha futiboli kwa vyuo vilivyojiunga nayo, hivyo zile nafasi za kujiunga bila ufadhili na kujithibitisha taratibu zimepungua. Kwa takwimu za NCAA yenyewe, kati ya wachezaji wa vyuo waliofikia kustahiki kuchaguliwa na NFL, wanaochaguliwa ni kama asilimia 1.6. Mimi sisemi kijana aache mchezo. Wangu anacheza bado, na ndio uliomfungulia mlango.

Ila mlango wenyewe ulikuwa wa Divisheni ya Tatu, ambako hakuna ufadhili wa michezo hata senti moja, na ndipo nataka Baba Amani asimame kidogo, kwa sababu chuo hicho cha tatu amekitaja kama cha mwisho. Kocha wa huko alipeleka rekodi za mwanangu ofisi ya udahili zikasomwe mapema, na swali la kwanza alilotuuliza lilikuwa ni masomo gani magumu atayachukua darasa la kumi na mbili. Fedha zilitoka katika msaada unaotolewa kwa kuangalia kipato cha familia. Vyuo vinane vya Ivy League, kundi la vyuo mashuhuri kama Harvard, hufanya vivyo hivyo: viko Divisheni ya Kwanza, lakini havitoi ufadhili wa michezo. Harvard ilitangaza mwaka 2025 kwamba familia yenye kipato cha dola 100,000 au pungufu haitalipa chochote. Kwa familia ya wahamiaji wenye kipato cha kawaida, msaada wa aina hii unaweza kushinda ufadhili wa nusu, na hauondoki kijana akivunjika goti. Mwenye kadi ya kijani au hadhi ya ukimbizi anaruhusiwa kujaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa serikali wa kulipia chuo, kama raia.

Kwa makocha wa vyuo vya namna hiyo, mchezaji mwenye 2.9 na ratiba nyepesi ni hatari wasiyotaka kuibeba mbele ya ofisi ya udahili. Na angalieni SAT, mtihani wa kuombea nafasi ya chuo: NCAA iliuondoa katika masharti yake mwaka 2023, lakini vyuo kadhaa, vikiwemo Harvard, Dartmouth na Brown, vimeurudisha katika udahili wao.

Jambo moja zaidi kuhusu neno “ofa”, ambalo vijana wetu hulitangaza mtandaoni kana kwamba ni hundi. Ofa ya mdomo haimfungi kocha wala mchezaji. Someni kilichoandikwa: ufadhili ni wa mwaka mmoja unaoongezwa au wa miaka yote, na utakuwaje akiumia au kocha akifukuzwa.

Baba Amani, Columbus

Nawashukuru sana nyote. Suala la Nairobi halikuwa limenijia akilini hata kidogo. Nilipoliuliza shuleni leo, mshauri wao alisema hajawahi kukutana nalo. Tumekokotoa GPA ya masomo ya msingi bila ya yale ya Nairobi, na imetoka 2.6. Mwalimu wa Minneapolis, naomba kuuliza: ikiwa kituo kitasema mihula yake imekwisha, ndiyo mwisho wa vile vyuo viwili? Na kemia tuifanyeje?

Mshauri wa Masomo, Minneapolis

Si lazima uwe mwisho. Chuo kinachomtaka kinaweza kumwombea msamaha NCAA, kikieleza kwamba alirudishwa darasa la tisa kwa uamuzi wa shule na si kwa mbinu ya kujiongezea muda wa kukua. Mzazi hawezi kuliwasilisha ombi hilo mwenyewe, kwa hiyo waambieni makocha wote wawili habari hii sasa, kabla hawajamtembelea. Atakayenyamaza baada ya kuisikia atakuwa amewapunguzia kazi. Ombeni shule ya hapo iwape barua inayoeleza ni kwa nini ilimweka darasa la tisa, ikiwa na tarehe, wakati aliyefanya uamuzi huo bado yupo kazini.

Kemia aichukue. Fiziotherapia haipitiki bila kemia ya chuo, na Divisheni ya Pili na ya Tatu, ambazo sasa mnapaswa kuzipa uzito uleule, zitaiona kwenye rekodi yake. Kuhusu vyuma, shule nyingi hufungua chumba cha mazoezi kabla ya kengele ya kwanza. Mwulizeni kocha kama yuko tayari kumpangia ratiba ya asubuhi, na jibu lake mliandike.