Mchoro wa Kilimanjaro ukutani mwa baa: unaokolewaje bila kuchorwa upya?

Muuliza swali
Habari wakuu. Baa iko Moshi, ukuta wa bloku wenye lipu ya saruji, mchoro mita 4 kwa 2.2: mlima, tembo wanne, nyasi, mgunga mmoja. Juu pamekuwa kahawia kwa masizi ya nyama choma na sigara. Chini, hadi kama sentimita 60 toka sakafuni, rangi inabanduka magamba na ukuta unatoa chumvi. Fundi anataka kukwangua kote achore upya, ila mwenye baa anautaka huu huu. Pia Mawenzi, kile kilele kidogo cha mlima, imechorwa kushoto, wateja wanacheka. Irekebishwe?

Fundi lipu
Usiguse rangi kabla hujajua maji yanatoka wapi. Bandika kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita pale chini, ziba kingo zote kwa tepu, acha saa 24. Matone yakiwa upande wa ukutani, unyevu unatoka ndani ya ukuta wenyewe. Angalia nje: udongo umepanda juu ya usawa wa sakafu? Gata linamwaga pale? Na sakafu ya baa inayooshwa kwa ndoo kila asubuhi nayo inachangia.

Chumvi iondoe kwa brashi laini, kavu, huku unaikinga kwenye karatasi. Ukiiosha inayeyuka na kurudi ndani, wiki ijayo iko pale pale. Lipu iliyooza itoe, piga ya chokaa 1 kwa mchanga wa mto 3, uliooshwa. Ukirudishia saruji ngumu, maji yatapanda kutafuta pa kutokea, na hapo juu ndipo walipo tembo. Kisha ngoja miezi miwili mitatu. Kama ni rangi ya mafuta, ukali wa saruji yenye unyevu huigeuza sabuni, ndiyo maana inabanduka.

Mchoraji wa kuta
Piga picha kila sehemu ukiwa umeweka rula pembeni. Halafu jua ni rangi gani: kijiti cha pamba chenye spiriti, pembeni pasipoonekana. Pamba ikichukua rangi, ni rangi ya maji. Isipochukua, yaelekea ni ya mafuta. Jaribu kila rangi peke yake, nyekundu hasa.

Masizi makavu yatoe kwanza kwa brashi. Kisha maji ya betri lita 1 (maji, siyo asidi!) na kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji isiyo na rangi wala harufu. Kitambaa kiwe kimekamuliwa, kipande cha sentimita 20 kwa 20, suuza kwa maji matupu, kausha, songa mbele. Anza chini kupanda juu: maji machafu yakichuruzika kwenye masizi makavu huacha michirizi isiyotoka. Jiki na sabuni ya unga, hapana kabisa.

Muuliza swali
Nimeambiwa nyama ya mkate (ile sehemu laini ya ndani) inasafisha. Kweli?

Mchoraji wa kuta
Inafuta masizi, ni njia ya zamani. Ila chembe zinabaki kwenye mikwaruzo, na kwenye baa hiyo ni karamu ya mende.

Magamba yanayoning'inia usiyang'oe. Loanisha nyuma kwa maji yenye tone la sabuni, ingiza kwa sindano gundi nyeupe ya seremala, sehemu 1 kwa maji 4, bonyeza juu ya karatasi ya kuokea mpaka ishike. Ikishakauka haitoki tena, kwa hiyo tumia kidogo.

Palipobaki uwazi ndipo pa kupaka, siyo sentimita moja zaidi. Rangi ya akriliki (rangi ya maji) hukauka ikiwa imekolea kuliko ilivyo mbichi, kwa hiyo ipake kwanza kwenye kadi, iache ikauke, ndipo ulinganishe. Malizia na vanishi ya maji isiyong'aa. Ile ya mafuta itaifanya theluji ya Kibo, kilele kikubwa, kuwa njano.

Mawenzi iache. Kutoka Moshi iko kulia, lakini ukitazama kutoka Amboseli iko kushoto, na tembo kwenye nyasi mbele ya mlima ndiyo picha ya huko. Aliyechora hakukosea, alichora upande wa Kenya.

Muuliza swali
Kumbe! Nailoni naibandika leo jioni, baada ya sakafu kukauka.