D4 inaacha masizi meusi kwenye ekzosi: nozeli, pampu au petroli?

mpiga_pedeli_Makorora
Wakuu, salaam. Naomba msaada wa D4 (injini ya petroli ya Toyota inayorusha mafuta moja kwa moja ndani ya silinda), lita 2.0, silinda nne, kilomita 168,000. Mdomo wa ekzosi ni mweusi tii. Ukiiwasha asubuhi, ukuta ulio nyuma yake unabaki na doa la masizi. Ikishapata moto, moshi hauonekani. Plagi mpya, eya klina mpya. Mashine ya kupimia inasoma kodi P0172 (mafuta mengi mno kwenye mchanganyiko), na marekebisho ya mafuta ya muda mrefu yako −18 asilimia, yaani kompyuta inapunguza mafuta kwa kiasi hicho. Fundi wa kwanza kasema nitoe masega (kichujio cha moshi ndani ya ekzosi), wa pili nozeli, wa tatu petroli imechakachuliwa. Gari haitoki Tanga mjini: Makorora, Ngamiani, Chumbageni, basi. Nianzie wapi kabla sijatoa hela?

presha_ya_reli
Masega yaache yalipo, mkuu. Hayatengenezi masizi, na ukiyatoa utabaki na masizi yale yale pamoja na harufu.

Masizi ya D4 yanatokana na petroli ambayo bado ni majimaji cheche inapopigwa. Kwenye injini ya kawaida nozeli inamwaga mafuta nyuma ya valvu yenye joto, yanapata muda wa kugeuka mvuke. Kwenye D4 yanarushwa ndani ya silinda. Hesabu mwenyewe: kwa mizunguko 3,000 kwa dakika, kunyonya na kugandamiza vyote viwili ni milisekunde 20. Tone likiwa kubwa, au likatua juu ya kichwa cha pistoni ambacho bado ni baridi, linaungua pale pale kama utambi wa koroboi. Huo ndio weusi wako.

Na usidanganyike na joto la Tanga. Hewa ya nyuzi 30 kwa injini ni baridi, inataka maji yafike karibu 90. Safari za dakika tano tano maana yake gari linaishi kwenye hali mbaya kuliko zote kwa masizi. Ila −18 haiwezi kuwa safari fupi peke yake. Kuna mafuta ya ziada yanaingia, na kompyuta inahangaika kuyapunguza.

Anza na vitu vya bure. Pitisha kidole ndani ya ekzosi ikiwa imepoa. Unga mkavu unaopukutika ni petroli, utelezi wa mafuta ni oili. Halafu chomoa stiki ya oili, angalia kiwango, inuse.

Ngamiani_gereji
Naongezea upande wa presha. Pampu ya ndani ya tanki inatoa takriban bar 4 tu. Ile ya juu inayosukumwa na kemshafti ndiyo inapandisha hadi kati ya bar 80 na 130 kwenye D4 nyingi za lita 2.0 (injini mpya za Ulaya zimefika 350, na sababu mojawapo ni hii hii ya kupasua matone yawe madogo). Soma presha ya reli (bomba linalogawia nozeli petroli) kwenye mashine gari ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa, kisha ukikanyaga. Ikiwa chini ya inavyotakiwa, matone yanakuwa makubwa. Zima injini ya moto uendelee kutazama: presha ikiporomoka haraka, kuna nozeli inayovuja au valvu ya pampu haishiki.

Ukifikia kutoa nozeli, toa kwanza fyuzi ya pampu ya tanki, washa mpaka gari lizime lenyewe. Presha ile inatoboa ngozi, si mchezo. Ncha ya nozeli usiikwangue kwa brashi ya waya, maana tundu likiharibika umbo la mnyunyizo limekwisha. Ioshwe kwa mashine ya mawimbi ya sauti. Ile pete ya tefloni kwenye ncha hairudishwi, weka mpya, na ivalishwe kwa koni yake, si kwa bisibisi. Na usiijaribu nozeli kwa kuiunga moja kwa moja kwenye betri, utaichoma koili.

kifuu_na_dafu
Je, kaboni ya kwenye valvu za kuingiza hewa? Nasikia wanapiga unga wa maganda ya jozi. Jozi Tanga tutatoa wapi, kifuu cha nazi kilichosagwa hakifai?

Ngamiani_gereji
Kifuu cha kusaga mtaani hakijachekechwa, kina vipande vikubwa na vumbi pamoja. Mchanga ndiyo kabisa usithubutu. Toa manifoldi (mabomba ya kuingiza hewa kwenye injini), zungusha injini mpaka valvu za silinda hiyo zifunge, loweka dawa ya kabureta, sugua kwa brashi ya nailoni, nyonya uchafu wote, ndipo uhamie silinda nyingine. Dawa ya kumwaga kwenye tanki haifiki huko, kwani petroli ya D4 haipiti kwenye valvu. Lakini kaboni ya valvu kwa kawaida huleta kumisi (silinda kuruka bila kuwaka) na sailensa mbovu, si −18.

mpiga_pedeli_Makorora
Kidole kimetoka na unga mkavu. Oili imepita alama ya juu kama milimita 6, na inanuka petroli waziwazi. Haijaongezwa tangu iwekwe.

presha_ya_reli
Basi mshukiwa wa kwanza ni pampu ya presha. Sili yake ikichoka, petroli inateremka kwenye oili, mvuke wake unavutwa na bomba la PCV (linalotoa mvuke wa oili ndani ya injini) kurudi kwenye manifoldi, na injini inaila mara ya pili. Hakikisha hivi: gari likiwa la moto na liko sailensa, chomoa bomba la PCV upande wa manifoldi, ziba tundu la manifoldi, tazama marekebisho ya muda mfupi. Yakipanda, mafuta ya ziada yanatoka kwenye oili. Yasipobadilika, rudi kwenye nozeli inayovuja, nayo pia inaweza kujaza oili.

Usiliendeshe hivyo, oili iliyochanganyika na petroli haibebi beringi. Badilisha pampu kwanza, kisha oili na filta siku hiyo hiyo. Ukianza na oili utaimwaga mara mbili. Futa kodi ya P0172 kwenye mashine, lipeleke safari ndefu nje ya mji hadi Segera na kurudi bila kusimama simama, kisha usome tena namba.