Ziara ya basi ya siku nzima kisiwani Naxos, Ugiriki: mama mwenye magoti mabovu ataweza?

BintiChumbageni

Wakuu, habari za wakati huu. Wiki ya pili ya Septemba tutakuwa Naxos usiku watatu: mimi, mume wangu na mama mkwe, miaka 68. Mama tambarare anatembea bila shida, ila ngazi zinamtesa magoti, na barabara ikiwa na kona nyingi kichefuchefu hakimwachi. Hotelini wanatuuzia ziara ya basi kuzunguka kisiwa, kuanzia saa tatu na nusu asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni: hekalu la Demeter, Halki, Apeiranthos, Apollonas, halafu kurudi mjini. Chakula na viingilio ni juu yetu.

Naomba kujua mambo matatu. Ni kituo gani mama abaki kivulini na kipi asikose? Tukae siti za wapi? Na je, basi la watalii lina maana kweli, au tutumie basi la kawaida? Sisi ni Waislamu, kwa hiyo na la chakula mnisaidie.

Mzee wa Dira

Dada, mpelekeni, ila asishuke kila kituo. Naxos ni kilomita za mraba 430 hivi, haifiki hata nusu ya Pemba, ndiyo maana mtu akitazama ramani hudhani nusu siku inamtosha. Kinachokula muda ni mlima. Mlima Zas una mita 1,004, na barabara ya kwenda Apollonas inapanda na kushuka pembeni mwa milima kwa kona za kujikunja. Kilomita karibu 50 za njia hiyo zinaweza kula saa mbili bila kusimama popote. Toa hizo na zile za kurudi kwenye siku yenu, kinachobaki ndicho mnachogawana kwenye vituo. Hakitoshi, hata wakisema kinatosha.

Kituo cha kwanza ni hekalu la Demeter, mungu wa kike wa nafaka wa Wagiriki wa kale, karibu na kijiji cha Sangri. Lilijengwa kama mwaka 530 KK kwa marumaru ya kisiwani humo, mpaka vigae vya paa. Baadaye likageuzwa kanisa, likabomoka, na kinachosimama leo kiliunganishwa upya miaka ya 1990 kwa vipande vilevile vilivyookotwa pale. Palipokosekana pamejazwa marumaru mpya, na utaitambua kwa weupe wake. Kutoka maegesho ni dakika chache kwa miguu juu ya njia ya mawe iliyo rahisi, lakini hakuna mti wa kujikinga. Mama ataweza. Kosa la watu wengi hapa ni kushuka wa mwisho: mwongozaji huanza kusimulia kundi likifika hekaluni, na anayechelewa hukuta maelezo yameisha, amebakiwa na dakika za picha tu.

Halki ni hapo mbele kidogo. Ndiyo iliyokuwa mji mkuu wa kisiwa zamani, na ndicho kituo cha mama: vichochoro vya kutembeleka, kivuli, viti kila upande. Watawapeleka kwenye kiwanda kidogo cha Vallindras kilichoanza mwaka 1896, kinachotengeneza kitron, kileo cha majani ya mti wa jamii ya ndimu wenye tunda kubwa la ganda nene. Kuna cha kijani, cheupe na cha njano. Cha njano ndicho kikali zaidi. Kwa kuwa hamnywi, zungukeni kijijini wakati wenzenu wanaonja, muda hautapotea.

Ziara nyingine huchomeka Damalas, penye mfinyanzi na kinu cha zamani cha kukamua zeituni. Kinu kinavutia. Lakini basi likiwa limeshachelewa, hapo ndipo pa kuomba parukwe, maana dakika 30 za kununua vyungu zitafidiwa kwa kuwakata muda wa Apeiranthos, na hiyo ni hasara.

Apeiranthos ni kijiji cha mlimani, mita 600 hivi juu ya bahari, na njia zake zimetandikwa marumaru. Basi haliingii, linasimama barabarani mlangoni mwa kijiji. Marumaru hiyo imesuguliwa na nyayo za vizazi mpaka inateleza hata ikiwa kavu, kwa hiyo kandambili na viatu vya soli laini viacheni hotelini. Njia kuu ya kuingilia mama ataimudu taratibu mpaka kwenye mikahawa ya mwanzo yenye kutazama bonde. Vichochoro vya juu yake ni ngazi tupu. Mwacheni hapo na kinywaji chake, ninyi mpande. Ndiko alikozaliwa Manolis Glezos mwaka 1922, yule ambaye usiku wa tarehe 30 Mei 1941, yeye na mwenzake Apostolos Santas, waliishusha bendera ya Wanazi kutoka Acropolis, kilima chenye mahekalu ya kale kule Athens.

Baada ya hapo tazameni nje upande wa mashariki. Mtaona nguzo za chuma zimesimama mabondeni. Ni mabaki ya waya wa angani uliojengwa miaka ya 1920 kuteremsha smirigli kutoka migodini hadi bandari ndogo ya Moutsouna. Smirigli ni jiwe gumu jeusi la kunolea na kutengenezea msasa, na vijiji vya huku viliishi kwa jiwe hilo. Mwongozaji mzuri ataeleza, mvivu atalala.

Juu ya Apollonas kuna sanamu ya jitu lililolala, mita 10.7, halikumalizika. Lilianza kuchongwa karne ya 6 KK papo hapo machimboni, likaachwa chali. Usoni kuna dalili za ndevu, ndiyo maana wengi husema ni mungu Dionysus, si mungu Apollo kama jina la kijiji linavyoashiria. Hakuna kiingilio. Kuna ngazi kutoka barabarani, na hizi ndizo za kumwepusha mama. Mwambieni mwongozaji mapema kwamba mama atabaki ndani ya basi, dereva asije akafunga milango na kuzima kipoza hewa akaenda kuvuta sigara.

Mwisho kabisa, kabla ya kulipa ulizeni maneno haya hasa: "Nani anaongoza, na kwa lugha ngapi?" Ugiriki mwongozaji wa maeneo ya kale lazima awe na leseni ya serikali. Msindikizaji wa basi asiye nayo atawaeleza njiani, mkifika hekaluni atanyamaza na kuwaelekeza langoni. Na kila jambo likirudiwa kwa Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani, muda wenu wa kutembea umegawanywa mara tatu.

Kaskazi77

Mzee amemaliza vituo, mimi niongezee siti na tumbo.

Msikae nyuma. Sehemu ya basi iliyo nyuma ya magurudumu ya mwisho hupepea kwenye kona kama mkia, na aliyekaa hapo anarushwa zaidi kuliko dereva anavyohisi. Siti ya kwanza kabisa kwa kawaida ni ya mwongozaji. Ombeni mstari wa pili au wa tatu, na muombe wakati wa kuweka nafasi. Asubuhi basi huokota watu hoteli kwa hoteli, mkiwa wa mwisho kuchukuliwa mtakuta nyuma tu ndiko kumebaki. Njia rahisi: ulizeni basi linaanzia wapi, mara nyingi ni karibu na bandari ya Chora, yaani mji mkuu wa kisiwa, mwende wenyewe robo saa kabla.

Upande: kulia. Ugiriki gari hupita kulia, kinyume na kwetu. Mkitoka Apeiranthos kwenda kaskazini mabonde na bahari ya mashariki viko kulia, na mkirudi Chora kwa barabara ya pwani, kilomita 35 hivi, bahari iko kulia tena, na basi liko ukingoni. Ni mandhari ya kusifika. Lakini kama mama anaogopa kutazama chini magengeni, mpeni siti ya kushoto ya njiani atazame mbele. Na ulizeni kama kweli wanarudi kwa pwani. Baadhi hurudi kwa njia ileile ya milimani, na hapo mnakula kona zilezile mara mbili. Kwa mama, hilo peke yake linatosha kubadilisha kampuni.

Kichefuchefu kinakuja kwa sababu sikio la ndani linasema mwili unayumba huku macho yakitazama kitu kilichotulia, kama simu au mgongo wa siti. Simu ikae mfukoni, macho yawe barabarani mbele. Famasi za huko zina msalaba wa kijani, ulizeni dimenhidrineti, jina la kwenye boksi huwa Dramamine. Hunywewa nusu saa hadi saa nzima kabla ya safari, na nguvu yake ni saa nne mpaka sita. Kidonge cha asubuhi kitakuwa kimeisha kabla ya safari ya kurudi, na hapo ndipo wengi hutapika: wamekula ngisi wa kukaanga Apollonas, wamejilaza juani, halafu wanaingia kwenye kona. Dawa hiyo inaleta usingizi, na mwenye presha ya macho au anayetumia dawa nyingine kila siku amuulize mfamasia kwanza. Chai ya tangawizi kwenye chupa nayo si ya kudharau.

Nahodha wa Bara

Mimi napingana kidogo. Basi la kawaida lipo, kituo chake kiko hapohapo bandarini Chora, tiketi unakata kabla ya kupanda. Kwa nauli ndogo mnafika Halki, chini ya kilomita 20, mnashinda hapo, mnaendelea Apeiranthos, mnarudi. Mama anapumzika anapotaka, hakuna wa kumpigia honi. Kinachopotea ni Apollonas na hekalu.

Kukodi gari ni bora zaidi kwa magoti, kwa sababu mnaegesha karibu. Ila leseni ya Tanzania au Kenya iambatane na kibali cha kimataifa cha udereva, na hicho hutolewa nyumbani, ukishatua Ugiriki umechelewa. Magari ya bei nafuu mengi ni ya gia za mkono, usukani kushoto. Mlima wa kona na upande usiouzoea, fikirini wenyewe.

Mzee wa Dira

Nahodha, basi la kawaida Septemba ratiba huanza kupungua. Wakikosa la kurudi kutoka Apeiranthos watalipa teksi ya kilomita zaidi ya 25. Wapige picha ubao wa ratiba bandarini siku ileile, wasitegemee karatasi ya hoteli. Nje ya hapo nakubaliana nawe.

Ukhti Forodhani

Dada, kuhusu chakula. Ugiriki mishikaki, wanaita souvlaki, usipouliza mara nyingi ni nguruwe. Neno la nguruwe ni *hirino*, kuku ni *kotopulo*, ndama ni *moskhari*. Semeni "horis hirino", bila nguruwe. Kuku na ndama wa mikahawani msitarajie kwamba wamechinjwa kisheria, kwa hiyo Apollonas kuleni vya bahari. Samaki mzima huuzwa kwa kilo: akiandikwa bei kwenye menyu ni ya kilo, si ya sahani. Ombeni apimwe mbele yenu na bei itajwe kabla hajaenda jikoni. Dagaa na ngisi huja kwa sahani, hawana mtego huo. Viazi vya Naxos vina sifa Ugiriki nzima, na jibini yao ya graviera pia. Mkate mtakaoletewa bila kuuomba unaweza kulipiwa. Agizeni mara tu mnapokaa, maana basi zima linaingia kwenye mikahawa ileile kwa pamoja na jiko linazidiwa.

Adhuhuri kwa majira hayo huingia kama saa saba na robo mchana, yaani mkiwa Apollonas au mnakaribia. Mnaweza kukusanya na Alasiri hapohapo, kwani mtafika Chora jioni. Kibla ni kusini mashariki, yaani bahari ya Apollonas iwe mgongoni.

Bebeni khanga mbili. Moja ya mabega mkiingia kanisani, nyingine ya kukalia. Chooni karatasi haitupwi ndani ya bakuli, mabomba yao ni membamba na huziba. Kuna kikapu pembeni. Na chupa ya maji ya kujisafishia mtoke nayo hotelini.

BintiChumbageni

Asanteni sana, shikamooni wakubwa. Tumeamua basi la watalii, mstari wa pili, kulia. La mwisho: tunafika Jumapili usiku, tunaondoka Jumatano mchana kwa boti ya kasi kwenda Piraeus, bandari ya Athens. Ziara iwe Jumatatu au Jumanne?

Mzee wa Dira

Marahaba. Jumatatu. Makumbusho mengi madogo ya serikali Ugiriki hufungwa Jumanne, na ikitokea upepo wa kaskazini umezuia basi au mama ameamka vibaya, mtakuwa na siku ya akiba. Upepo huo, meltemi, unavuma zaidi Julai na Agosti lakini Septemba bado hujitokeza. Ukivuma, ghuba ya Apollonas iko wazi kaskazini na mawimbi yake si ya kuogelea. Boti za kasi nazo huzuiwa mapema kuliko meli kubwa, kwa hiyo Jumanne jioni ulizeni bandarini kuhusu Jumatano yenu. Kwenye viingilio msihesabu punguzo la wazee kwa mama, linalenga raia wa Umoja wa Ulaya.

Kaskazi77

Na ile Portara, mlango mkubwa wa marumaru pale bandarini, haimo kwenye ziara. Mkishushwa saa kumi na moja mna muda wa kutosha kabla ya jua kuzama. Njia ya kuvukia ni fupi na tambarare, mama ataiweza; mwishoni kuna mpando mdogo tu. Upepo ukiwa mkali mawimbi hurusha maji njiani, mpiteni upande wa bandari.