Kitu kidogo kinaniharibia siku nzima, nifanyeje?

Wakuu, jana bosi kanirudishia ripoti ina wino mwekundu kila ukurasa. Chakula hakikupita, usiku nikakodolea macho dari mpaka saa tisa. Wenzangu yakiwapata wanacheka tu. Nyie mnajikazaje?

*Jibu 1:* Usingizi kwanza, ndugu. Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi. Ukilala 4, hata mlango ukijibamiza unaona umetukanwa.

*Jibu 2:* Mimi nina daftari. Kushoto naandika ninaloweza kurekebisha leo, kulia yasiyo juu yangu. Juzi kulia kulijaa, kushoto mstari mmoja. Nikaufanya huo huo.

*Jibu 3:* Wanaocheka usiwaamini sana. Mimi nacheka ofisini, nalia bafuni.

*Mleta mada:* Hahaa, afadhali! Nimesharekebisha kurasa mbili. Naenda kulala.