Majimbo ya Marekani kupiga marufuku rangi za vyakula, nyie mnaonaje?

Wakuu, kuna hoja naiona inarudiwa sana, eti majimbo ya Marekani yangeiachia FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, mambo ya rangi za vyakula, maana kila jimbo likija na sheria yake viwanda vitapata tabu na bei zitapanda. Mi sikubaliani kabisa.

Chukueni rangi nyekundu namba 3. FDA waliikataza kwenye vipodozi mwaka 1990 kwa sababu panya wa maabara waliolishwa rangi hiyo kwa wingi walipata saratani ya tezi la shingo. Basi lipstiki ikakatazwa, ila pipi na keki za watoto zikaendelea kutiwa rangi ileile miaka nenda rudi, na sheria yao wenyewe tangu 1960 inasema rangi ikionekana kuleta saratani kwa mtu au mnyama isiruhusiwe! California ndo wakachoka kusubiri, Oktoba 2023 gavana Newsom akasaini sheria ya kuiondoa kuanzia 2027, pamoja na potasiamu bromati ya kwenye mkate na vitu vingine viwili. FDA wakaja kuikataza kwenye chakula Januari 2025, na mi naamini bila majimbo kusukuma tungekuwa bado tunasubiri.

Na msiseme ni siasa za upande mmoja. California wanatawala chama cha Democrat, ila West Virginia wanatawala wapinzani wao Republican, na Machi 2025 nao wakapitisha sheria ya kukataza rangi saba, vyakula vya shule vikaanza nayo Agosti mwaka huohuo.

Najua mtaniambia habari za kipimo, kwamba kiasi kidogo hakidhuru, na kweli FDA wenyewe walisema jinsi rangi namba 3 inavyowadhuru panya dume haitokei kwa binadamu. Sawa, lakini rangi inamsaidia nini anayeila? Haina lishe, haizuii chakula kuoza, kazi yake ni kumvuta mtoto kwa macho tu. Kihifadhi naweza kukitetea, chakula kilichoharibika nacho kinaumiza watu, hapo tupime faida na hasara. Rangi hapana. Ulaya tangu 2010 bidhaa zenye rangi sita fulani lazima ziwe na onyo kwamba zinaweza kuathiri utulivu na umakini wa watoto, na viwanda vingi vikaona bora kubadili rangi kuliko kuandika onyo hilo, na pipi bado zinauzwa.

Texas nao 2025 wakachagua njia ya onyo kwenye pakiti. Kwa chakula cha shule mi naona haitoshi, mtoto wa darasa la kwanza anawekewa sahani mezani, pakiti ataisomea wapi? Anayesema majimbo yamekosea anijibu, FDA ingesubiriwa mpaka lini?